Leta Mzee, Chukua Kijana

Kwa Ndululu, asubuhi njema ilikuwa ile inayoanza na chai ya mtu mwingine. Ijumaa hiyo ilikuwa chai ya Shamso, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mtito Andei, ng'ambo ya mahali malori ya Mombasa hupumzika. Ndululu alikuwa ameketi juu ya mfuko wa simiti kama mheshimiwa, anapuliza kikombe na kumsifu Shamso jinsi biashara inavyomkubali, mara simu ya Shamso ikalia. Mikono ya Shamso ilikuwa ndani ya boksi la misumari, kwa hiyo akaibonyeza kwa kiwiko, na sauti ya mwanamke ikajaa duka zima.

“Shamso mwanangu! Ni mimi Kasyoka wa Mutomo!”

“Mama, habari ya huko?”

“Huku misumeno imetumaliza! Si unajua mkwe wangu Sandra alikuja kutoka Nairobi? Akaingia jikoni, akaona sufuria ziko sakafuni, hakusema kitu. Alipiga picha tu. Mwanangu, heri angenitusi. Sasa sisi sita wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tumeapa kila mmoja atapata makabati ya jikoni kabla ya Krismasi. Fundi wa hapa anataka mbuzi watatu kwa kila jikoni, na tungoje mpaka ajisikie. Tukasema basi, tutajifanyia. Mbao tuko nazo, zimekauka vizuri. Lakini huu msumeno wa marehemu mzee wangu, ukikata ni kama unaomba ruhusa kwanza. Tunataka ya stima. Pesa iko, iko kwa kopo la kikundi. Shida ni kupata mtu wa kuamini.”

Kuna watu huamshwa na adhana, kuna wanaoitikia kengele ya kanisa. Ndululu yeye aliitikia sentensi hiyo. Akaweka kikombe chini kikiwa bado nusu, jambo ambalo duka lile halijawahi kushuhudia.

“Nitaulizia nikupigie, mama,” Shamso akasema, akakata simu. Akamwangalia Ndululu. “Na wewe unacheka nini?”

“Mimi? Nawaonea huruma tu.”

Ni kweli, Ndululu alikuwa mtu wa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyomfanya awauzie watu wa kando ya Tsavo dawa ya kuzuia ndovu, chupa ndogo ya maji na pilipili. Ndovu walipokuja wakala mahindi yote, Ndululu alieleza kwamba pengine hawakuwa wamesoma maandishi ya chupa. Aliwahi pia kuuza taa za sola zilizohitaji kuchajiwa kwa stima. “Mimi siibi,” alikuwa akisema. “Mimi napewa.” Alikuwa na aibu moja tu maishani, nayo aliificha kama upele: mwaka mmoja na nusu alisomea useremala katika chuo cha ufundi huko kwao karibu na Wote, na alikuwa na mkono mzuri kuliko wenzake wote. Aliacha siku aliyogundua kwamba kazi hiyo hufanywa kila siku.

Wikendi nzima alikuwa na shughuli. Alipata maboksi sita mapya, akayajaza maganda ya plastiki ya manjano yaliyofanana na msumeno wa stima, na ndani ya kila moja akafunga mota ya blenda iliyokufa na kufufuliwa. Kitu hicho kingekata ubao mmoja, kwenye ubao wa pili kingetoa moshi, na wa tatu ungemkuta Ndululu mbali sana. Juu ya boksi akabandika bendera ya Ujerumani. Aliibandika kichwa chini, lakini tusimlaumu, hajawahi kufika.

Kilichobaki ni msumeno mmoja wa kweli wa kuwaonyesha. Huo alikuwa nao Shamso, wa kukodisha, umepakwa rangi ya buluu kwenye mshikio kama vifaa vyake vyote vya kukodisha.

“Utaniachia nini?” Shamso akauliza.

“Neno langu, mama.”

“Neno lako nimeshaona. Acha pikipiki.”

Ndululu akageuka kuiangalia pikipiki yake iliyokuwa nje. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa mali yake yote duniani. Kwa mtu wa kazi yake, pikipiki ni zaidi ya usafiri: ndiyo tofauti kati ya mfanyabiashara aliyeondoka na mwizi aliyeshikwa. Lakini kopo la kikundi lilikuwa likimwita. Akatoa ufunguo.

“Jumamosi kabla ya adhuhuri,” Shamso akasema. “Ukichelewa, naiuza. Na msumeno urudi vile umeenda.” Akageuza diski kwa kidole, akayahesabu meno yake mbele ya Ndululu, polepole, kama mtu anayekagua ngamia. “Ishirini na manne. Umeona?”

“Nimeona, mama. Kwani mimi nitauma watu nayo?”

Jumatatu alipanda lori la Abdisamad, aliyekuwa akienda Mutomo kununua mbuzi na kurudi Jumamosi alfajiri. Alimshusha kwa Kasyoka kabla jua halijawa kali. Kasyoka alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye tabasamu la mtu ambaye hajawahi kudanganywa. Ndululu alilipenda tabasamu hilo papo hapo.

“Wakya, mwaitu,” akamwamkia kwa Kikamba, akimwita mama, ameinama kidogo kwa heshima. “Nimetumwa na kampuni. Tumesikia kilio chenu.”

“Aa! Mungu ni mwema! Leta nikusaidie mzigo.”

“Hapana mwaitu, ni mashine nzito za Ujerumani…”

Lakini Kasyoka alishabeba. Maboksi matatu mkono huu, matatu mkono ule. Akasimama nayo kidogo, akayapandisha na kuyashusha kama mtu anayenunua kuku sokoni. Kisha akayaweka chini, akainua ule msumeno wa buluu peke yake, akauangalia mshikio, akautua. Akatabasamu tena. Ndululu akawaza kwamba akina mama wa Kitui wana nguvu sana, na huo ndio ulikuwa mwisho wa kuwaza kwake siku hiyo.

Wanawake wote sita walipokusanyika uani, Ndululu alisafisha koo.

“Akina mama! Dunia imesonga, ninyi bado mnasukuma na kuvuta! Kampuni yetu imeleta mpango unaitwa Leta Mzee, Chukua Kijana. Unaleta ule msumeno wako mzee, unaongeza pesa kidogo, unachukua kijana mwenye nguvu!”

“Hata mzee aliye nyumbani mnachukua?” akauliza Mama Mbuvi, mwanamke mrefu aliyekuwa na jibu kabla ya swali. “Wangu pia anaomba ruhusa kwanza.”

Wakacheka mpaka mbuzi wakakimbia. Ndululu akacheka nao. Mteja akicheka, ameshafungua kopo. Akachomeka ule wa buluu, akapitisha ubao mmoja wa mukau mkavu, ule mti wa kwao ambao hata mchwa huupita kando. Ukakatika nyoofu, vumbi likaruka, wanawake wakapiga vigelegele.

“Asi! Hii ni mashine!” Kasyoka akasema. “Lakini kwanza kula, mwanangu. Umetoka mbali.”

Ikaja muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na mbaazi, imenona. Ndululu akala sahani moja, akaongezwa, akala ya pili na kulamba kijiko. Kasyoka alikaa karibu naye na kumpepea nzi.

“Na wewe ni mtoto wa wapi? Mama yako ni nani?”

Ndululu alikuwa ameshadanganya kuhusu kampuni, kuhusu Ujerumani na kuhusu cheo chake. Lakini Mkamba akiulizwa mama yake ni nani, tena mdomo umejaa muthokoi, ulimi husahau kazi yake. “Ndinda,” akasema. “Wa karibu na Wote.”

“Ndinda! Yule mwenye pengo hapa mbele? Tulibeba mawe pamoja tukijenga bwawa la mchanga! Haki, leo jioni nitampigia nimwambie mtoto wake amejiunga na mwethya wetu.”

Kijiko kikasimama hewani. “Nimejiunga?”

“Si umekula?” Kasyoka akamwangalia kwa upole. “Chakula hiki ni cha mwethya. Mgeni tungempa chai. Aliyekula ya mwethya ameingia mzunguko, na mzunguko hauachwi katikati. Tena katiba yetu inasema kikundi hakinunui kitu mpaka kijaribiwe kazini kwa kila boma. Wewe mtoto wa Ndinda, unajua haya kuliko mimi.”

Alijua. Alikuwa mdogo alipomwona jirani yao mmoja aliyekula kwa watu sita na kufanya kazi kwa wawili. Mama wa mtu huyo alipofariki, hakuna jirani aliyekuja kuchimba kaburi. Ndinda alimwonyesha Ndululu yule mwanamume akichimba peke yake juani, akamwambia, “Angalia vizuri.” Ndululu alikuwa amesahau mafunzo yote ya mama yake isipokuwa hilo moja, na sasa lilikuwa limekaa tumboni pamoja na muthokoi.

Akapiga hesabu ya mjanja. Nyumba sita, siku tano, Ijumaa jioni kopo lifunguliwe, Jumamosi alfajiri lori. Ilitosha. “Sawa,” akasema. “Kampuni yetu inaheshimu mila.”

Basi kampuni ikaanza kazi. Jumatatu ilikuwa kwa Kasyoka. Ndululu alikusudia kukata mbao mbili tatu tu, za maonyesho. Lakini wanawake walikuwa wameshapima na kuchora kila kitu. Alipokata ubao mmoja, mwingine ulikuwa tayari mkononi mwa mtu. Wawili walipiga msasa, wawili waligonga, mmoja aliimba. Akajaribu kukata kizembe, na mkono wake ukakataa. Mlango wa kabati ulipozidi fremu kwa upana wa unywele, aliupiga randa bila kuambiwa, akajilaani kimoyomoyo.

Stima ikazimika. “Tokeni za stima zimeisha,” Kasyoka akasema kwa masikitiko. “Pesa yote iko kwa kopo, na kopo halifunguliwi kabla ya Ijumaa. Kampuni haiwezi kutusaidia?” Kampuni ikatoa simu, ikanunua tokeni. Jumanne, kwa jirani, tokeni ziliisha tena. Ajabu ya Mutomo ni kwamba wiki hiyo stima haikukatika hata mara moja. Ni tokeni tu zilizokuwa zikiisha, kila boma, dakika kumi baada ya Ndululu kuwasili.

Jumatano alasiri, mgongo ukimuuma na vumbi likiwa mpaka kwenye nyusi, Ndululu alifikia uamuzi wa kiungwana wa kutoroka. Mama akisikia, atasikia. Ukataji wa siku hiyo ulikuwa umekwisha na msumeno wa buluu umerudishwa kwa Kasyoka, basi akaenda kuuchukua, akakuta stoo ina kufuli kubwa kama ngumi.

“Nimekufungia mashine,” Kasyoka akamwambia akitoka jikoni na chai. “Siku hizi wajanja ni wengi, mwanangu. Hawana hata haya.”

“Ni kweli, mwaitu,” Ndululu akasema kwa uchungu wa dhati. “Watu wameharibika.” Bila msumeno hakuna pikipiki. Akanywa chai, akarudi kazini.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Mama Mbuvi. Mbao zake zilitoka kwenye kitanda chake cha harusi. “Hiki kimebeba watoto saba na mzee mmoja mvivu,” akasema. “Sasa kibebe sufuria, kipumzike.” Kitanda kilikuwa na misumari ya enzi zile, imejificha ndani ya mbao. Kila mara diski ilipofika humo ilipiga ting'! na kitu kidogo kikaruka. Ndululu alisikia. Lakini kichwa chake kilikuwa ndani ya kopo, kinaogelea.

Kabati la mwisho lilipofungwa ukutani, Mama Mbuvi alifungua mlango, akaufunga. Akaufungua tena. Akaenda chumbani, akarudi na katoni ya glasi alizopewa kwenye harusi, hazijawahi kutolewa kwa sababu hazikuwa na pa kukaa. Akazipanga moja moja, akifuta kila moja kwa leso, machozi yakimtoka.

Ndululu alisimama mlangoni, akafurahi. Alifurahi kweli, mpaka kifua kikamjaa, na hakuwa amemdanganya mtu yeyote. Hali hiyo ilimtisha. Akatoka nje haraka kuvuta hewa, akajikumbusha yeye ni nani.

Ijumaa walimaliza nyumba mbili za mwisho, na jua likiwa bado juu wanawake sita waliketi uani kwa Kasyoka. Kopo lilikuwa mezani. Ndululu aliosha uso, akavaa shati safi, akayapanga maboksi sita mbele yao na bendera zake za kichwa chini.

“Akina mama, mmejaribu, mmeona. Kila mmoja achukue kijana wake.”

Kasyoka akawatazama wenzake. Wenzake wakaangalia miguu yao, midomo wameibana.

“Tumekaa kikao, mwanangu,” akasema. “Mashine ni nzuri, hatukatai. Lakini tumejiuliza: tununue ya kukata nini?”

“Ya kukata… si makabati!”

“Makabati gani? Yameisha yote. Umetufanyia wewe.”

Ndululu akaangalia nyumba ya Kasyoka, halafu boma la Mama Mbuvi kule chini, halafu zile nyingine nne, akazihesabu kwa macho, na kila moja aliijua hadi bawaba ya mwisho.

“Mtahitaji siku nyingine,” akasema, sauti ikiwa imepungua. “Vitanda. Meza. Na hizi ni za Ujerumani, mwaitu, hazipatikani…”

Kasyoka akanyanyua boksi moja kwa kidole kimoja, kile kidogo. “Mimi nimebeba maji mgongoni miaka arobaini, mwanangu. Mtungi ukipungua kikombe kimoja, najua. Hii ni nyepesi kuliko pakiti mbili za unga. Nilijua Jumatatu, kabla hujasema wakya ya pili.”

Kisha Mama Mbuvi akapasuka kwa kicheko, na wote wakafuata, wanashikana mabega, wanajipiga mapaja. Ndululu alingoja waite polisi. Hakuna aliyeita. Badala yake Kasyoka akalifungua kopo na kumpa picha iliyokunjwa ya makabati iliyokatwa kwenye gazeti. Ndiyo iliyokuwa mle, pamoja na vifungo viwili na kijiti cha meno.

“Pesa je?” Ndululu akauliza. Hakuweza kujizuia.

“Iko benki. Kwani sisi ni wajinga?” Akasimama, akaenda stoo, akarudi na msumeno wa buluu na mzigo mwingine uliofungwa kwa kamba ya katani. “Lakini hatuwezi kukuacha mikono mitupu, mtoto wa Ndinda. Ulituambia tulete wazee, tuchukue kijana. Kijana tumemchukua siku tano, na amefanya kazi vizuri. Wazee ndio hawa.”

Ilikuwa misumeno sita ya mkono, yenye kutu, ya zamani za marehemu.

Jumamosi lori liliingia Mtito Andei saa nne asubuhi, na Ndululu akashuka ananuka mbuzi. Lakini moyo ulikuwa umeanza kumrudia. Hakupata, sawa, lakini hakupoteza. Pikipiki ile pale, imeegeshwa mbele ya duka. Akaingia kwa madaha, akauweka msumeno juu ya kaunta.

“Kabla ya adhuhuri, mama, kama nilivyosema. Lete ufunguo.”

Shamso akageuza diski kwa kidole. Alihesabu polepole, akarudia ili asimdhulumu mtu.

“Iliondoka na meno ishirini na manne,” akasema. “Imerudi na kumi na moja. Hata babu yangu alizikwa na mengi kuliko haya.”

“Ni kitanda cha Mama Mbuvi! Kilikuwa na misumari!”

“Najua. Ameniambia.” Shamso akageuza simu yake. Jikoni kwa Kasyoka, sufuria zimepangwa. Jikoni kwa Mama Mbuvi, na glasi zake. Picha sita, zimepigwa na Sandra aliyefika jana jioni kwa ziara ya ghafla, na chini yake maneno: kazi safi ya fundi Ndululu, anapatikana kwa Shamso. “Kasyoka aliona rangi yangu ya buluu, akanipigia Jumatatu hiyo hiyo, akikupakulia sahani ya pili. Akasema umekata ubao nyoofu, nikamwambia mwache afanye kazi, yule kijana ana mkono, shida yake ni kichwa. Tangu asubuhi nimepata oda za jikoni tatu. Ukimaliza hizo, diski umelipa, siku za kukodisha umelipa, na ufunguo utachukua.”

“Jikoni tatu!” Ndululu akashika kaunta. “Mama, nibebeshe hata deni, nipeleke polisi, lakini usinifanyie hivyo!”

“Jikoni ya kwanza ni ya mchungaji, hapo nyuma. Anakungoja.”

Ndululu akaangalia pikipiki kupitia dirishani. Akaangalia viganja vyake, vilivyokuwa vimeanza kuota sugu baada ya miaka kumi na miwili ya usafi. Mwishowe akatoa pumzi ndefu. “Basi nipe diski mpya.”

“Zimeisha. Zitakuja kutoka Nairobi Alhamisi.” Shamso akaangalia ule mzigo wa misumeno yenye kutu mabegani mwa Ndululu, akamsogezea tupa ya kunolea. “Lakini naona umekuja na vifaa.”